Jumapili ya Selloane

Hlotse, Leribe
Tarehe 14 Agosti

Mama yangu mpendwa,

Khotso, Mama. Naomba barua hii ikukute umekaa kitini, ingawa najua wewe na kukaa kitini hampatani. Goti linasemaje? Nimesikia umeanza tena kupanda ngazi za bosi wako na ndoo mbili, kama msichana wa miaka ishirini. Jamani, Mama, Bloemfontein nzima hakuna mtu mwingine wa kubeba ndoo?

Mimi mwilini sijambo. Baridi ya mwaka huu imetutia adabu. Theluji imeanguka mara mbili na mabomba yakaganda, tukawa tunayeyusha barafu kwenye sufuria. Kaburi la Bibi nimelitengeneza, mawe yote yamerudi mahali pake, kwa hiyo acha kuniuliza.

Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu utanikatiza. Utasema vocha inakwisha, utasema unaitwa jikoni. Karatasi haina mtu wa kuikatiza. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hata ukinikasirikia katikati.

Bila shaka unamkumbuka Selloane, yule mtoto niliyekuja naye Pasaka, ukasema ana kichwa cha diwani. Aliletwa hapa kwenye kituo chetu cha watoto yatima akiwa na miezi mitano. Mama yake alikuwa amekwisha kufa, na bibi yake, ambaye haoni, alikuwa ametia dole gumba kwenye karatasi zote. Wenzangu walimwogopa kwa kulia, mimi nikamfunga mgongoni kwa blanketi, nikaendelea kufua. Basi amekaa mgongoni mwangu miaka mitatu. Niliwahi kuuliza kama naweza kumchukua mimi. Mama Ntebaleng, afisa wa ustawi, akaniambia bila kunung'unika kwamba sina mume, nina chumba kimoja, na mahakama haitafika hata kwenye mstari wenye jina langu. Nikarudi kufua. Ningefanya nini?

Mwezi wa Juni wazazi wakapatikana, Waholanzi, Marit na mumewe Joost. Walipanga nyumba hapa hapa mjini, nyuma ya kanisa, wakae wiki tatu na mtoto kabla ya kuondoka naye, ili awazoee akiwa bado katika nchi yake. Mama Ntebaleng akatusomea masharti. Wao peke yao ndio watakaomlisha, watamwogesha, watambeba, watambembeleza akilia. Mimi nitakuwepo mchana tu, kwa sababu mtoto anajua Kisotho na wao wanajua Kiingereza, na katikati anatakiwa mtu wa kutafsiri. Lakini nisimguse. Alisema nikimbeba mimi, hatakubali kubebwa na wao. Na wiki tatu zikiisha bado anawakataa, itabidi aandike hivyo kwenye ripoti, na mtoto atarudi kituoni. Unajua maana yake, Mama. Akishapita miaka minne hakuna anayekuja kumuulizia. Tunao hapa wenye miaka kumi na miwili ambao hata hawatoki nje gari la wageni likiingia.

Ningependa nikuambie kwamba Marit ni mwanamke mbaya. Ningepata nafuu. Lakini ni mtu mwema mpaka anaudhi. Siku ya kwanza alipiga magoti mlangoni, akamsalimia Selloane kwa Kisotho alichokariri kwenye ndege. Selloane akajificha nyuma ya sketi yangu. Akainua mikono nimbebe, kama kila siku. Nikaweka mikono yangu nyuma. Akazunguka kuitafuta huko nyuma, nikairudisha mbele. Akadhani tunacheza, akacheka. Baadaye akaacha kucheka.

Marit alijitahidi, haki ya Mungu. Alitaka kumfunga mgongoni kama sisi, akamfunga vibaya, wakatoka hivyo mpaka sokoni, mtoto akining'inia ubavuni kama gunia la viazi. Wauza mboga wakavunjika mbavu. Mmoja akamwita, we mama, huyo mtoto umembeba au umemuiba? Marit akaniuliza amesema nini, nikamwambia anasema mnapendeza. Yule muuza mboga naye si mtu wa roho mbaya. Alitoka kwenye meza yake, akavua pini kubwa ya blanketi lake, akamfunga mtoto vizuri, akamzaba Marit kofi la mgongo kumwambia tayari.

Hapo ndipo nilipoanza, Mama. Uongo wa kwanza ulinitoka kwa adabu tu. Kesho yake Selloane akaniambia huyu mzungu ananuka sabuni, mwambie aende kwao. Nikamwambia Marit mtoto anasema unanukia. Maskini, alifurahi, siku hiyo hiyo akaenda kununua vipande vingine sita. Mezani Selloane akaniuliza, nikimaliza ugali huu tutaenda nyumbani? Nikatafsiri kwamba anauliza kama kuna mwingine. Marit akamwongeza. Mtoto akala wote, akaongezwa tena, akala, macho yamenikazia mimi, mpaka akatapika. Joost alimfuta huku akisema tumbo limemponza. Hata siku alipomwita Marit 'M'e, Marit akalia kwa furaha kwamba ameitwa mama, akampigia simu dada yake Uholanzi. Sikumwambia kwamba kwetu kila mwanamke mzima ni 'M'e, hata yule wa mboga.

Wiki ya pili mtoto akagoma kula. Alikaa kwenye kona kati ya kabati na jiko la mafuta, amewageuzia mgongo. Marit akimgusa anakakamaa. Joost, jitu la futi sita, alitoka uani akashika ukuta akalia, nami nilikuwa dirishani nikajifanya natazama kuku. Siku ya kumi na saba Mama Ntebaleng akaja, akamtazama, akaniambia pembeni kwamba Ijumaa anaandika ripoti, na kwa hali hii hana cha kuandika. Akasema, Puseletso, mimi nimechoka kuwarudisha.

Alhamisi mambo yakageuka. Selloane aliingia ndani, akaenda moja kwa moja kwa Marit, akamwinulia mikono. Mama, nyumba nzima iliganda. Marit akamwinua kama mtu anayeinua yai. Mtoto akala uji mchachu bakuli zima, akakubali kusukwa nywele na Marit, misuko ya hovyo hovyo lakini hakutikisa kichwa, akakubali blanketi na pini. Ijumaa Mama Ntebaleng alipoona alipiga makofi, akaimba, akacheza pale pale sebuleni na mwili wake ule mzito. Alisema katika miaka yote ya kazi yake hajaona mtoto aliyefunguka namna hii. Marit akanikumbatia, akasema bila mimi wasingeweza.

Wiki iliyofuata, Jumanne, wakaondoka. Kituo kizima tulijipanga langoni. Selloane alinipungia mkono kutoka kwenye gari, hana hata chozi, anatabasamu. Wenzangu wa jikoni walinitania mpaka jioni. Walisema, haya, mama wa mgongo, miaka mitatu yote na kageuka huyo! Watoto wa siku hizi, amekusahau gari halijapita hata kona. Nilicheka nao, kisha nikaenda chooni nikauma ncha ya blanketi langu nisisikike.

Sasa, Mama, nakwambia jambo ambalo hakuna mwingine anayelijua. Hakunisahau. Alhamisi ile asubuhi nilimkuta uani peke yake, kwenye kamba za nguo. Nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia aende kwa yule mama, ale, akubali kubebwa, asilie hata kidogo, aende nao hata kwenye ndege, na mimi Jumapili nitakuja kumchukua. Akanitazama, akauliza, kweli? Nikaapa. Nilisema haki ya mama. Niliapa kwa jina lako.

Ndiyo maana hakulia. Kile walichokipigia makofi kilikuwa ni subira yake tu. Alikuwa ananisubiri mimi huku amekaa mapajani kwa mwingine.

Na wewe unajua nilikoyatoa maneno hayo. Sikuyabuni. Nilikuwa na miaka minne ulipochuchumaa mbele yangu ukaniambia unakwenda Ladybrand, ng'ambo ya mpaka, kununua viatu, nikae na Bibi, nisilie, Jumapili utarudi. Ulirudi Krismasi ya mwaka uliofuata, viatu ulivyoleta havikunitosha, na mimi nikakuamkia shikamoo kama mgeni. Nimekuchukia kwa jambo hilo, Mama, naliandika wazi. Miaka ishirini na sita nimejiambia kwamba mimi sitamfanyia mtoto yeyote vile. Nikaja kukuta kwamba maneno hayo yanatoka mdomoni yenyewe, mepesi, mtu anapompenda mtoto na hana kitu kingine cha kumpa. Kwa hiyo sikuchukii tena. Lakini haijaniondolea maumivu hata kidogo.

Wiki iliyopita Marit alinitumia sauti ya Selloane kwenye simu. Anaandika kwamba kila asubuhi mtoto anavaa koti, anavaa viatu, anakaa mlangoni, na anarudia maneno yale yale. Wao wanadhani ni wimbo, wangependa kujifunza waimbe naye. Nikasikiliza. Anasema, 'M'e Puseletso anakuja Jumapili. Hasemi kwa kulia, anasema kama mtu anayemjulisha jirani.

Nilijibu kwamba ndiyo, ni wimbo.

Siku tatu niliirudia sauti ile kila usiku. Ya nne nikamwandikia Marit kila kitu, sabuni, ugali, na ile asubuhi ya kwenye kamba za nguo. Nilingoja matusi. Baada ya siku mbili akajibu kwamba alilia, kwamba amenikasirikia sana na bado amekasirika, lakini mtoto bado anakaa mlangoni na wao hawana Kisotho cha kumwambia ukweli. Anaomba nimwambie mimi, kwa sauti yangu. Nirekodi, nitume.

Nimejaribu, Mama. Nimejaribu mara nyingi mno. Nikisema siji, sauti inakatika. Nikisema nakupenda, inakuwa kama nakuja. Sijui mtoto wa miaka mitatu anaambiwaje jambo hili, kwa sababu mimi sikuambiwa.

Kwa hiyo nina ombi moja kwako, na ndilo lililonifanya niandike. Chukua karatasi. Niandikie yale ambayo ungeniambia siku ile ya viatu, kama ungekuwa na nguvu ya kusema kweli. Andika kama unaniambia mimi, nina miaka minne. Nitamsomea Selloane neno kwa neno kama ulivyoandika. Marefu au mafupi, vyovyote yatakavyokuwa, ila usiandike kwamba unakuja.

Nisalimie wote wa hapo kwenu. Shangazi anakusalimu, na wauza mboga wanaulizia goti. Jikande kwa maji ya moto yenye chumvi, na Mungu akutunze.

Mimi ni mwanao,
Puseletso