Nyuzi Nyeupe Kaburini mwa Baba

Hai Phong, 3 Novemba 1954

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo mama? Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii? Sisi ni wazima wa mwili, ila usingizi hatuna. Mimi na Thuc tuko kwenye mahema karibu na bandari, tumechanganywa na familia tatu zinazosali kwa sauti mpaka kunakucha.

Mama, sitazunguka. Mume wangu aliwapigia Wafaransa taipu miaka minne, na hapa kila mtu anasema serikali mpya ya kaskazini haitawasamehe waliofanya kazi kama hiyo. Tunapanda meli kwenda Saigon. Nchi imekatwa vipande viwili, na mlango wa bandari hii utafungwa mwezi wa Mei. Baada ya hapo aliye kaskazini atakuwa wa kaskazini, aliye kusini wa kusini. Mimi sipandi bila wewe. Kaka zangu wote wawili walikwenda na njaa ya mwaka wa Jogoo, baba naye katutoka. Tumebaki mimi na wewe. Nani atakuzika, na nani atanizika mimi?

Mama Tep muuza chumvi, aliyekuletea barua hii, anazijua njia zote. Mfuate. Vaa kama unakwenda sokoni, na usimuage mtu, hata Baba Mdogo Khoat. Nasikia sasa ndiye mwenyekiti wa kamati ya wakulima. Ni ndugu wa baba toka nitoke, lakini siku hizi naogopa hata kivuli changu.

Mwanao,
Luyen


Kijijini, mwisho wa mwezi wa kumi kwa hesabu ya mwezi mwandamo, mwaka wa Farasi

Mwanangu Luyen,

Marahaba. Mimi mzima. Kifua kinakohoa, lakini hiyo ndiyo kazi yake. Mwandiko wangu uvumilie. Unakumbuka lile darasa la watu wazima langoni pa soko, asiyejua herufi alikuwa anapitishwa kwenye tope. Nilijifunza kusoma kwa kuogopa kuchafua suruali.

Unaniita Saigon, mji ambao wasichana wake wana meno meupe kama mbwa. Wakiyaona haya yangu niliyoyapaka weusi tangu usichana, kama mwanamke wa heshima, si watanikimbia? Lakini nitakuja, usilie. Ila nisubiri kidogo. Mwezi ujao baba yako anatimiza miaka mitatu ardhini. Lazima afukuliwe, mifupa ioshwe kwa maji ya manukato, alazwe katika chungu chake, ndipo apumzike. Mwanamke gani anamwacha mumewe kwenye tope la shamba la mpunga akaenda kutembea? Nikishamwosha nitambeba nije naye. Hatanilemea, alikuwa mwembamba tangu hapo.

Huku si kuzuri. Kila jioni kipaza sauti kinatuita kwenye uwanja wa jumba la kijiji. Juzi walimsimamisha jirani yetu Bi Mui, wakamwita tajiri mnyonyaji, wakamuuliza alipata wapi nyati wawili. Waliomnyooshea kidole ni watu aliowapa uji mwaka ule wa njaa. Nilikaa nyuma kabisa. Uwanjani hapo sijawahi kuogopa hivyo, hata Wafaransa walipokuja na bunduki. Maana wale walikuwa wageni.

Mama yako


Hai Phong, 6 Januari 1955

Mama yangu,

Shikamoo. Uko salama? Mwezi wako umepita na mwingine unapita, sijakuona wala sijapata neno. Kila lori likishusha watu nakimbia, na kila mwanamke mwenye kilemba cheusi namtazama usoni. Wameshanizoea, wananitania kwamba natafuta mama wa kununua.

Tumeacha meli mbili ziondoke. Thuc anavuta sigara moja baada ya nyingine, na hilo linanitia hofu kuliko kama angenigombeza.

Kuna jambo nilitaka nikuambie uso kwa uso, lakini naona midomo imechoka kungoja. Nina mimba, mama. Miezi minne. Njoo basi. Sijui hata mtoto anavyoshikwa.

Mwanao,
Luyen


Kijijini, mwezi wa kwanza, mwaka wa Mbuzi

Luyen mwanangu,

Marahaba, na hongera. Natumai unakula. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umeharibika. Nilipoisoma barua yako nilicheka peke yangu, kisha nikakaa chini. Ngoja nikueleze, nawe usiniambie ni ujinga.

Tulimfukua baba yako kabla ya jua, kama desturi inavyotaka. Mzee Ngoan, yule fundi wa mifupa, alipoinua ubao wa jeneza ukapanda mvuke wa vuguvugu, katika baridi ile ya kukata masikio. Ndani zilikuwa zimetanda nyuzi nyeupe kama hariri, zimemfunika baba yako kichwa mpaka miguu. Maana yake unaijua. Ardhi imempokea, na kutoka hapo alipo anawalea wazao wake. Kaburi la namna hiyo haliguswi na mtu. Mzee Ngoan aliliangusha jembe lake.

"Funika, Mama Luyen," akasema. "Funika upesi kabla hujaumaliza ukoo."

Mimi nilikataa. Nilikuwa nimeshafungasha, nakufikiria wewe kwenye hema. Mzee akaondoka zake, hakutaka hata kutazama nyuma. Nikaingia shimoni mwenyewe, nikazikata zile nyuzi kwa vidole vyangu, nikamwosha mume wangu nikamtia chunguni.

Haukupita muda mtoto wa mwisho wa Khoat akashikwa na homa, na mpaka leo haijamwachia. Mama Tep akakamatwa njiani, akahojiwa mpaka nywele zikamtoka. Alipoachiwa akaniambia chumvi yake sasa ataiuza humu humu kijijini. Barua hii nampa mwanawe. Halafu Khoat akaja kwangu. Mwenyekiti mzima, anayetuhubiria uwanjani kwamba mizimu ni uongo wa matajiri, akapiga magoti mbele ya chungu akilia.

"Shemeji, umetufanya nini?"

Chungu kiko chini ya kitanda changu. Naogopa kulala juu yake, naogopa kukitoa nje. Na sasa unaniambia una mimba.

Mama yako


Hai Phong, 17 Machi 1955

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na nimeificha Thuc asiione. Nilitaka kukujibu kwamba nyuzi ni ukungu tu, kwamba mtoto wa Khoat ana homa kama watoto wote, na kwamba Mama Tep amekamatwa kwa sababu anabeba barua. Mchana nasema hivyo na naamini. Giza likiingia nauona mvuke ule.

Juzi nilitoka damu. Daktari wa mahemani ameniamuru nilale, nisinyanyue hata ndoo. Mama, kama ulikuwa unangoja sababu, ndiyo hiyo. Thuc amepata nafasi katika meli ya mwisho wa Aprili na amesema hii haiachwi.

Hema la pili kuna mzee amebeba udongo wa kaburi la mama yake ndani ya soksi. Anasema ukitaka kujua mtu ni wa nchi gani usimuulize anazungumza nini, muulize amezika wapi. Sisi watu wa Viet, anasema, Wachina walitukalia miaka elfu na hawakutumaliza kwa kuwa hawakuweza kutuhamisha makaburini. Nikamwambia mimi ni wa pale alipo mama yangu, basi. Alinitazama kwa huruma sana, na huruma yake ikanitisha.

Njoo na chungu au njoo bila chungu. Njoo.

Luyen wako


Kijijini, mwezi wa tatu, mwaka wa Mbuzi

Mwanangu,

Nilipofika kwenye neno damu sikumaliza barua. Nilikitoa chungu chini ya kitanda nikaenda nacho shambani, Khoat akanichimbia kwa mikono yake, anageuka geuka asije akaonekana na wenzake wa kamati. Tumemrudisha baba yako pale pale, kichwa kikielekea kulekule. Nimemwomba msamaha mpaka sauti ikanikauka.

Siji, Luyen. Keti kwanza, ndipo uendelee kusoma. Kamati inapima mashamba kuyagawa upya. Nikiondoka, atakayepewa shamba letu atapitisha plau juu ya baba yako, na safari hii atakuwa amefukuliwa na nyati. Khoat ameniahidi pembe ile itabaki yangu ikiwa nitaikalia mwenyewe. Basi nimejenga kibanda kando ya kaburi. Nachoma udi asubuhi na jioni, namsemesha, namwambia ni mimi niliyekosa, mtoto hana hatia. Wewe umeniita nije nikulinde. Mahali pa kukulinda ni hapa.

Naogopa, sikufichi. Naogopa bandari ikifungwa sitakuona tena. Lakini nikipima, woga wangu kwa tumbo lako unauzidi huo.

Nilikuimbia ulipokuwa mdogo kwamba sote tulitoka katika mayai mia ya mama mmoja. Hamsini walikwenda naye mlimani, hamsini wakamfuata baba yao baharini. Hawakuachana kwa ugomvi, waliahidiana kuitana siku ya shida. Na hapa wanatangaza kwamba mwakani itapigwa kura nchi iwe moja tena. Panda meli na mumeo. Sikuombi, nakuamuru.

Mama yako


Karibu na Saigon, 20 Juni 1955

Mama,

Barua hii sitaituma. Siku hizi kinachoruhusiwa kuvuka mpaka ni kadi tu, ya wazi, mambo ya nyumbani, na kila mkaguzi anaisoma kabla yako. Lakini kuna mtu lazima nimwambie, na sina mwingine.

Alikuwa wa kiume. Alitoka mdogo, analia kwa sauti nyembamba, masikio kama ya baba. Nilimshika vizuri, mama, hakuna aliyenifundisha lakini nilimshika vizuri. Siku ya tatu alikataa ziwa, na jioni akawa wa baridi mikononi mwangu. Thuc alimzika nyuma ya mahema, kwenye udongo mwekundu ambao hatumjui hata mtu mmoja aliyelala humo. Yule mzee wa soksi alikuja akatia kiganja kimoja cha udongo wake. Akasema sasa na wewe una mahali.

Nifanye nini? Nikikuambia kweli utasema ni nyuzi. Utakaa kwenye kibanda hicho ukiviangalia vidole vyako mpaka ufe, na hakuna wa kukushika mkono. Nikikuambia uongo itabidi nimlee kwenye karatasi, leo anatambaa, kesho anaota meno. Naogopa yote mawili. Na naogopa zaidi kwamba pengine utakalosema ni kweli.


Kadi ya posta, 2 Julai 1955

Mama, shikamoo. Nimejifungua salama, mtoto wa kiume. Ana masikio ya baba. Ananyonya vizuri. Thuc hajambo, amepata kazi. Toka kibandani sasa, kifua chako hakitaki unyevu. Rudi nyumbani ulale.
Mwanao, Luyen


Kadi ya posta, mwezi wa nane, mwaka wa Mbuzi

Luyen, marahaba. Kadi yako nimeisoma mpaka Khoat akaninyang'anya naye asome, akalia mbele za watu. Mwanawe amepona. Huyo wenu msimuite jina zuri, muiteni Kijibwa, mizimu isimtamani. Baba yako nimempa wali wa kunata na kuku mzima. Nimerudi nyumbani, nalala usiku kucha, sina woga wowote. Mwakani wakishapiga kura njia itafunguliwa, nitakuja mwenyewe kumbeba. Nimeanza kumshonea kofia. Niambie kichwa chake kina ukubwa gani.
Bibi yake