Ukurasa wa 119

Kingi, Masisi
Jumatano, tarehe 17 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Josiane,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia Papa mpaka yule kuku mwekundu uliyekuwa ukimwita Madame. U hali gani? Ule mguu uliokuwa unakuuma umepona? Emérita mwenyeji wako hajambo? Maji ya Mwanza yameacha kukusumbua tumbo? Nijibu yote, moja moja. Usiniandikie tena "tuko poa" ukaishia hapo, maana mara ya mwisho Mama aliniuliza poa ni ugonjwa gani na kama unaambukiza.

Sisi ni wazima. Papa Kanyamibwa goti linamuuma mvua ikikaribia, na mwezi huu mvua inakaribia kila siku, kwa hiyo analalamika kila siku. Mama ni mzima kuliko sisi wote, utaona mwenyewe mbele. Tumeshapanda maharage upande wa juu. Upande wa chini bado, majani yalikuwa yameshakula shamba tulipokuwa tumekimbilia mahemani.

Nikueleze starehe zangu, usije ukadhani mwenye starehe ni wewe peke yako huko kwenye umeme. Ukungu unaondoka saa nne asubuhi, na jua la kwanza linapiga ukuta wa nyuma wa jikoni. Naweka mkeka pale, naegemeza mgongo, nakula kirayi cha moto, huko mnasema kiazi, na kipande cha fromaji, hiyo jibini yenu, kinachoyeyuka juu yake, na kitabu kiko magotini. Fromaji ikidondokea ukurasa, naulamba ukurasa. Mama akiniona anasema sina haya.

Ninachosoma sasa ni kijitabu cha magonjwa ya ng'ombe, alichoacha yule daktari wa mifugo aliyepita hapa. Usicheke. Ni kitabu chenye ukweli. Hakuna anayelia bure, na ng'ombe anayeugua sura ya pili anatibiwa sura ya pili hiyo hiyo. Kabla ya hapo nilimaliza riwaya moja ya Kifaransa niliyopewa mahemani, na ilinichosha roho. Yule dada wa kwenye kitabu alitazama mvua dirishani kurasa kumi na moja, nilizihesabu, na muda wote huo nyumba nzima hakuna aliyepika. Mwandishi asiyeniambia watu walikula nini mimi simwamini hata kwenye mapenzi.

Haya, sasa nije kwenye lililonifanya nichukue kalamu. Nimejaribu kulizungukia na nimeshindwa. Nina hasira nawe, Josiane. Si hasira tu, ni wivu, na nauandika kwa jina lake.

Jumapili tulipotoka kanisani tulipita dukani kwa Kaswera kusikiliza odio yako, ile sauti uliyotuma kwenye simu yake. Unamjua Kaswera, kila kitu chake kina sauti kubwa, hata simu. Akaiweka juu ya kaunta, na watu waliokuja kununua chumvi wakasimama kusikiliza. Ukasalimia vizuri, ukauliza mashamba, kisha ukasema, kwa hicho Kiswahili chako kipya cha kupigwa pasi: "Siku hizi mimi na Magloire tunasomana kila Jumamosi."

Mdogo wangu, umesahau ulikolelewa? Umesahau kwamba Mama husema Kiswahili huku anafikiri kwa Kinyarwanda? Wewe ulikuwa na maana ya watu wawili kusomeana kitabu. Yeye alisikia gusomana, yaani midomo kwa midomo, na kwa ratiba.

Akaziba mdomo kwa kitambaa. "Ee Mungu wangu! Kila siku ya posho, kila Jumamosi! Na anaisema mbele ya bantu, bila haya! Huyu Magloire iko mutoto ya nani? Wazazi yake banajua?"

Kaswera ni Mnande wa Butembo, Kinyarwanda kwake ni kelele za jirani tu. Akadhani Mama anachukia shule. "Lakini Mama, kusoma iko na ubaya gani? Mie nilisomaka na batoto banaume makumi ine mu klase moya, miaka sita! Na ba-padri njo balitufundisha!"

Mama akakaa chini juu ya gunia la sukari. Watu wakacheka mpaka mtu mmoja akamwaga chumvi yake. Papa alitoka nje, mabega yanamtetemeka, akasingizia goti.

Mimi sikucheka. Katika duka zima ni mimi peke yangu niliyekuelewa sawasawa, na ndiyo maana niliumia. Kama mngekuwa mnapigana beze, hayo mabusu aliyosikia Mama, Josiane, ningefurahi, nakuapia. Beze ni mambo yenu. Lakini kusoma? Kusoma ni mambo yetu.

Halafu odio ikaendelea, na watu waliokuwa wanacheka hawakusikia, nikasikia mimi. Ukasema umekipata kwenye maktaba ya huko kile kitabu cha fundi Salvatori, kizima, chenye jalada. Kwamba mmefika ukurasa wa 97, na mnasoma kurasa tano kila mara. Ulisema kama mtu anayeeleza bei ya samaki.

Nikukumbushe, maana inaonekana hewa ya Mwanza inasahaulisha. Kitabu kile hakikuwa na jalada wala jina. Kilikuja na mzigo wa sabuni wa Kaswera, yeye akitaka kufungia karanga, tukamwomba. Tulikisoma kwa sauti kuanzia hapa Kingi mpaka mahemani kule karibu na Mubambiro, wewe ukisema sauti ya fundi, mimi sauti ya mama mkwe. Siku ulipopanda lori pale Sake kwenda kwa Emérita, tulikuwa tumefika 118. Fundi amemshonea gauni la harusi mwanamke anayempenda, naye anaolewa na mwingine. Bibi harusi yuko mlangoni mwa kanisa. Anageuza pindo la gauni, na ndani yake anaona, na hapo ukurasa unakwisha.

Tukakipasua kwa wembe wa Papa. Wewe ukachukua mwanzo, mimi nikapewa mwisho. Unakumbuka kwa nini? Kwa sababu huna subira. Wewe ndiye uliyekuwa ukichungulia kurasa za nyuma ukaniharibia vitabu vitatu. Tukaapa kwamba hakuna anayeendelea bila mwenzake.

Miezi ishirini, Josiane. Nimekaa na mwisho ule miezi ishirini. Mahemani ulilala chini ya kichwa changu, umefungwa kwenye plastiki ya mbolea. Tulipoambiwa turudi nyumbani, sufuria tuliacha, mwisho niliubeba. Mimi ninayesoma mpaka karatasi za ndani ya paketi za dawa, sikufungua hata ukurasa. Nimesoma magonjwa ya ng'ombe, mdogo wangu, na fundi Salvatori yuko hatua tatu kutoka kitandani! Nawe unaingia maktaba, unakaa kwenye kiti chenye mgongo, unakichukua kizima kama mtu anayechukua mkate.

Na huyo Magloire. Sura yake siijui, lakini kicheko chake nimekisikia nyuma ya odio. Anacheka kabla sentensi haijaisha. Mtu wa namna hiyo atamsoma vipi fundi Salvatori? Yule husomwa polepole, kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye pini mdomoni. Na nani sasa anasema sauti ya mama mkwe? Ni yeye? Niambie ukweli. Nimelala nalo swali hili siku tatu. Sauti ile ni yangu.

Nimejaribu kumweleza Mama kwamba ni vitabu tu. Hataki. "Vitabu? Kijana anataka mutoto ya bantu, anasema njo vitabu. Papa yako naye alianzaka na katekisimu." Papa hakubisha. Tangu hapo nimekuwa naogopa kwamba Mama amekosea neno lakini hajakosea jambo. Kama ndivyo, sawa. Mlete tumwone, nitacheza harusini kwako mpaka viatu vikatike. Usimpe tu ukurasa wa 118.

Na mimi nitubu. Jumatatu, kwa hasira, niliufungua ule mfuko. Nilijiambia kama yeye amevunja, na mimi navunja. Nikasoma mstari wa kwanza wa 119. Mmoja tu, Mungu ananiona. Nikaona kilichokuwa ndani ya pindo. Nikageuka kando ili nikuone uso, kama tulivyozoea, na hapakuwa na mtu, ni Madame tu anachakura majivu. Josiane, haikuwa tamu hata kidogo. Nikafunga, nikaenda kupalilia vitunguu ambavyo havikuhitaji kupaliliwa.

Ningeweza kukutumia odio ukayasikia haya leo hii. Lakini simu ni ya Kaswera na duka lina masikio, na wivu wangu hautaki mashahidi. Basi nimeandika. Kaswera anaondoka kesho kwenda Kampala kuchukua bidhaa. Huko atampa barua mtu wa basi la Mwanza, anasema wiki mbili, labda tatu. Nimehesabu kwa vidole, kurasa tano kwa Jumamosi. Mtapita 118 tarehe 18 Oktoba. Barua ikifika kabla, nakuomba msimame pale, mbele ya mlango wa kanisa, bibi harusi ameshika pindo.

Siku hiyo, saa tisa ya kwetu, saa kumi ya kwenu, nitakuwa juu ya kilima cha eukaliptasi ambapo rezo ya simu inashika. Kaswera ameahidi kuniazima simu. Piga. Magloire anaweza kukaa karibu kama ni lazima, lakini afunge mdomo mpaka sentensi iishe. Mama pia anakuja. Amesema hawezi kuacha watoto wake wasomane bila mtu mzima.

Barua ikichelewa na mkawa mmeshapita, usiniambie. Sema tu uongo, sema mlisimama. Nitakuamini.

Papa anakusalimu na anasema usile samaki tu, kula na maharage. Mama anakusalimu na anasubiri jina la baba yake Magloire. Shema mdogo wetu anakusalimu, ana ndevu tatu sasa na anazijali sana. Kaswera anakusalimu na bado hajui kwa nini watu walicheka. Msalimie Emérita na watoto wake. Msalimie na huyo mtu wako, kidogo. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, akupe usingizi mzuri, na akuongezee subira, hiyo hasa.

Utaona ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine iliyokunjwa. Ni ukurasa wa 119, wa kwetu, nimeukata kwa ule ule wembe wa Papa. Wewe huuhitaji, huko unao. Nimeutoa kwa ajili yangu, ili siku nikishikwa tena na hasira nisiweze kuendelea peke yangu hata nikitaka. Mwisho wangu sasa hauna mlango, na ufunguo uko kwako. Mstari wa kwanza nimeusoma, umeshapita, nisamehe.

Wa pili nisomee wewe.

Mimi dada yako akupendaye, na kukuonea wivu,
Uwimbabazi