Kulikuwa na Nafasi kwenye Lori

Jumapili jioni, Kitale. Baridi. Nimerudi kutoka Malakisi nikiwa sina nywele, na kichwa kinauma kila upepo ukipita.

Jana ilikuwa lufu ya Baba. Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi, wafiwa hunyolewa, na mtu aliyekuwa na marehemu mwisho husimama mbele ya watu aeleze kifo kilivyokuja. Hakuna kuficha. Niliiogopa siku hiyo kuliko mazishi yenyewe. Kwenye mazishi kulikuwa na bendera na tarumbeta, na maafisa walirudia neno "shujaa" mpaka nikaacha kulisikia.

Aliyekuja kueleza ni koplo wa kikosi cha Baba, mkono umefungwa bendeji. Alikataa kiti. Baba mdogo, ambaye hawezi kuvumilia kimya, akamwambia, "Afande, kaa bana, hapa hakuna gwaride." Watu wakacheka kidogo. Koplo akabaki amesimama.

Alisema adui waliwavamia kambini ng'ambo ya mpaka, wengi kiasi kwamba hakuna aliyejaribu kuwahesabu. Redio ikafa. Baba, kapteni wao, alitambaa kutoka handaki hadi handaki akigawa risasi na kuwaita askari kwa majina yao ya nyumbani. Aliwaburuta majeruhi mwenyewe. Lori moja tu ndilo injini yake ilikuwa bado inawaka. Akawapakia wote waliokuwa hai, kisha akarudi kwenye bunduki kubwa langoni.

Mimi huwa sisemi mbele ya watu. Hata darasani, jibu ninalijua na nanyamaza. Lakini nilisikia sauti yangu ikiuliza:

"Kulikuwa na nafasi kwa lori?"

Shangazi akanivuta sketi. Koplo akanigeukia.

"Ilikuwa, dada. Nilimshika shati nikamwambia, mkubwa, panda. Akasema tukienda sote watatufikia kwa kona. Akapiga ubavu wa lori, dereva akaondoka."

Kukhu, mama yake Baba, akauliza kama mwanawe alikuwa hai walipomwacha. Koplo akasema waliendelea kuisikia ile bunduki wakiwa mbali. Halafu hawakuisikia tena.

Wembe ulipoletwa, Kukhu alitaka koplo anyolewe kwanza. Mzee mmoja akakumbusha kwamba huyo si wa ukoo.

"Mnyoeni," Kukhu akasema. "Ni nani mwingine hapa alimsikia mtoto wangu mwisho?"

Akanyolewa. Nikafuata mimi.

Hesabu ya Baba naielewa. Ningeisoma kitabuni, pale maktaba ya shule, ningempenda sana kapteni huyo.

Lakini kapteni huyo ni baba yangu, na nafasi ilikuwepo.

Naona haya kuandika hili: nilitaka awe mwoga, hata kidogo tu.

Je, alinifikiria kabla ya kupiga ule ubavu wa lori? Na kama alinifikiria, kisha akapiga hivyo hivyo, nitamsamehe lini?