Chipu ya Sauti ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Mama karudi kutoka hospitali. Kidonda cha koo kinakauka, ila sauti ndiyo imekwenda. Umebaki mnong'ono, kama karatasi inayokunjwa. Nimeamua kumtengenezea kikuza sauti: maiki shingoni, kisanduku kiunoni chenye spika yake. Redio za watu nazifufua kila siku, sembuse mama yangu.

Shangazi kanivuta jikoni. Habari ya mdogo wangu isitajwe, Mama apone kwanza. Hajui kwamba lori lilimgonga kitinda mimba wake, wala kwamba tulimzika wakati yeye mwenyewe yuko wodini. Nikasema sawa. Nikaosha vyombo. Vilikuwa safi.

Jumanne, 4 Machi

Karakana. Kila kitu kinategemea opampu, ile chipu inayopokea sauti dhaifu na kuikuza. Nataka ya miguu, inayoingia kwenye matundu ya bodi. Naiwekea soketi, ikifa naichomoa, napachika nyingine. Zile bapa za kulehemu juu juu ni ndogo kama chawa, na mikono yangu siku hizi si ya kuaminika.

Nimeanza na ya kizamani, ile isiyokosekana kwenye droo ya fundi yeyote. Shhhh! Kama sufuria ya mafuta jikoni. Mnong'ono na kelele huwezi kuvitenganisha. Hapana.

Leo pia sijalia. Macho makavu kabisa.

Alhamisi, 6 Machi

Chipu ya pili. Tulivu, haina shhhh — lakini inataka umeme mwingi. Betri ikichoka kidogo tu, maneno yanakwaruza. Mama atavaa betri ndogo, si ya lori.

Nimeandika lori. Tuyaache.

Fundi mwenzangu — tunamwita Waya, kwa wembamba wake — kauliza mgonjwa ana haraka gani. Hana, nikamjibu. "Basi mwenye haraka ni wewe." Labda.

Jioni Mama kanong'ona. Nikapata maneno mawili: "mdogo wako." Nikasema, "Sijasikia, Mama. Pumzika." Shangazi naye kila akiulizwa hasikii. Nyumba nzima viziwi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeipata! Kelele kidogo, inatosheka na volti chache, na sauti inapanda karibu na kikomo cha betri bila kukwaruza. Dukani wana bapa tu. Waya kapekua makopo yake mpaka akaibuka na moja ya miguu minane. Mguu mmoja umepinda. Nimeunyoosha kwa koleo, polepole.

Nilimweleza habari za nyumbani. Akafunika makopo yake, halafu: "Mficha maradhi, kilio humuumbua." Nikaendelea kulehemu.

Shangazi naye, nilipofika nyumbani: "Hicho kidude kikisema, utamjibu nini?"

Nikavuta sahani. Nikala. Chakula hakikuwa na ladha, au mimi ndiye sina.

Jumapili, 9 Machi

Nimemvisha Mama baada ya chai. Mwanzo ikapiga mluzi, maiki ilikuwa karibu mno na spika. Nikaisogeza. Mama akakohoa, akajaribu.

"Wifi, umenenepa."

Sauti nzito, si ile ya zamani, lakini ni yake! Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia, nadhani.

Kisha Mama akanishika mkono. "Mmemzika wapi mwanangu?"

Hakuuliza yuko wapi. Akasema mtoto wake asingekosa kuja wodini siku zote zile, labda awe hana miguu au hana uhai. Tena sisi tulikuwa tunamletea uji huku tumevimba macho. Shangazi tu, nikawaza. Si mimi.

Shangazi akaninong'oneza, "Izime hiyo." Swichi ilikuwa mbele yangu. Sikuigusa. Nikasema nafuata betri ya akiba, nikaingia chumbani. Niko hapa, naandika. Betri ninayo mkononi.

Mama anaongea upande wa pili wa ukuta. Hagombi. Anauliza kama mtoto aliteseka. Shangazi anakusanya vikombe. Anauliza tena, sasa ananiita mimi, na kila neno linafika. Naiweka betri kitandani. Nasimama, namwendea —