Pasi Waliyoiona Wote

Nyumbani, ghorofa ya pili
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa kaka,

Salamu tele kutoka kwetu sote. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Wifi na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila mgongo wangu umeamua kuzeeka kabla yangu.

Sasa kaa vizuri nikupe habari za mpwa wako, Jiwe. Jina hilo ulimbandika mwenyewe kwa ubishi wake. Leo nalitangaza dirishani.

Karakana ya ushonaji anakofanya kazi ilishika moto mchana, watu wametoka kula. Meza ya pasi iliteketea na vitambaa vyake. Bosi akauliza nani aliacha pasi kwenye umeme. Kuna mdarizi pale, mdomo haumkai, akasema aliiona taa ya pasi ikiwaka. Kesho yake wenzake watatu nao wakawa wameiona! Na si waongo, kaka. Kila mmoja anaiona kabisa kichwani mwake.

Cha ajabu, mpiga pasi mwenyewe naye akaanza kukumbuka. Ni mzee mpole, hajui kumkatalia mtu. Huyo ukimwambia mara tatu kwamba amekula, anashiba. Bosi akamwambia akusanye vyake.

Hapo mwanangu akasimama. "Soketi pale ni moja. Mzee aliichomoa pasi, mimi nikachomeka cherehani nimalizie pindo. Kama kuna kilichoachwa kwenye umeme, ni cherehani yangu."

Wakamgeukia yeye. Labda umesahau, labda ilikuwa juzi. Wapi! Alirudia yale yale, huku akijua kibarua chake ndicho kitakachoota nyasi. Mimi ningeshakubali zamani, na moshi ningeongeza.

Fundi umeme alipobomoa ukuta, akakuta nyaya zimetafunwa na panya, na moto ulianzia humo. Mdarizi bado anaapa taa aliiona. Mwache.

Kaka, najivunia mpaka chakula hakipiti. Jana mzee alikuja hapa, akakaa mbele ya Jiwe, akasema, "Binti, nilishaamini kwamba mimi ndiye niliyeichoma riziki ya wenzangu. Bila wewe ningekufa nikiamini hivyo." Wakalia wote wawili. Mimi nikajifanya naosha vikombe.

Kesho mzee anarudi kwenye kazi yake.

Msalimie wifi, mwanao mkubwa na kitindamimba wetu. Mungu awafunike huko mliko.

Dada yako akupendaye daima,
Mama Jiwe