Kapiteni Aliyeonja Chumvi

Mama Sophie, wewe unayetushauri redioni kila juma, nakuomba unisaidie upesi, maana moyo wangu umechoka, daktari ameacha kuniambia nirudi lini, na kuna jambo nililokwisha kuungama kwa padri lakini bado halitaki kunitoka.

Nilikuwa kapiteni katika jeshi la zamani, na hapa Vulamba vijana wa parokia huja kwangu kila siku ya Mungu baada ya Misa niwafundishe uongozi, na somo langu ni moja tu, kwamba chef, yaani mkubwa wa watu, anakula wa mwisho, somo nililolitoa katika vita ya 1996, tulipokimbia kwa miguu kutoka Kirumba hadi Beni kwa sababu wakubwa wetu walikuwa wameondoka na magari, na askari waliotutangulia walikuwa wanapora mbuzi, redio, hata milango ya watu, mimi nikawaambia watu wangu thelathini kwamba hatutagusa kuku wa mtu, tutakula maharagi tuliyobeba, basi kila siku walipanga mstari mbele ya sufuria, wadogo kwanza, mimi nyuma kabisa, nikikwangua yaliyoungua chini mbele ya macho yao, na kweli hawakuiba hata yai, mpaka wanawake wa soko la Butembo wakatupatia avoka kwa mshangao.

Sasa ukweli, Mama. Mpishi wetu, marehemu Maliro, alikuwa na mfuko wa viazi vya Masereka, na kabla ya mstari aliniita, "Mon capitaine, kuya uonje chumvi," nami niliingia nyuma ya turubai kuonja, kama kanuni ya jeshi inavyotaka, lakini niliionja ndani ya viazi sita au saba vyenye mafuta ya mawese, ndipo nikatoka kwenda kukwangua sufuria. Sajenti Kahongya alizoea kunitania, "Mon capitaine, chumvi ya leo ilikawia kabisa!" na watu wakacheka, nami nikafurahi kwamba bado wana nguvu ya kucheka.

Kaporali wangu Phinées aliniamini. Tulipofika Beni alianguka ndani ya mstari, kumbe siku tatu alikuwa anawapa wagonjwa wawili sehemu yake, na alipofungua macho akasema, "Mon capitaine, nilifanya tu sawa weye," nami nikasimama juu yake nikatoa hotuba ndefu juu ya moyo wa askari, huku nimebana midomo nisije nikacheua.

Leo Phinées ana lori, anapakia mizigo Kirumba, na hata barabarani hali chakula kabla watu wake hawajashiba, mke wake Rébecca analalamika kwamba amekauka kama kuni, na juzi Phinées alishika mkono wangu akasema, "Papa, siku ya maziko yako ni miye nitasema mbele ya batu vile ulikuwa unakulaka wa mwisho." Nikamjibu asante. Je, nimwambie na kumvunja moyo, au nife na viazi vyangu?

Kapiteni mstaafu, Vulamba

*

Papa Kapiteni, pole kwa ugonjwa, na pole kwa viazi, maana naona ndivyo vinavyokulemea zaidi.

Kwanza nikuulize. Watu thelathini wenye njaa, kapiteni anatoka nyuma ya turubai mdomo unang'aa mawese, sajenti anakuambia wazi kwamba chumvi ilikawia, na wewe unafurahi wanacheka? Njaa ina pua, Papa! Walijua. Labda Phinées peke yake hakujua, maana mtu mwema huchelewa kusikia harufu. Walijua, na bado hawakuiba. Nadhani ni kwa sababu waliona sahani ya kaporali mmoja ikipelekwa kwa wagonjwa. Kompani yako ilikuwa na chef, ila cheo chake kilikuwa kidogo.

Usijidharau kupita kiasi. Kuku wa watu walibaki kwa watu, na amri ilitoka kinywani mwako, hata kama kilikuwa kimejaa. Padri amekusamehe kwa upande wa Mungu, ni vizuri, lakini Mungu hakuzimia Beni. Aliyezimia ni Phinées.

Unasema unaogopa kumvunja moyo. Tusidanganyane: unaogopa kukosa hotuba nzuri kaburini. Ukimwacha mtu mnyofu aseme uongo wako mbele ya jeneza, umemlaza njaa mara ya pili.

Basi sikiliza, safari hii amri natoa mimi. Usingoje siku ya Mungu. Mwite Phinées pamoja na Rébecca. Pikisha viazi vya Masereka, sufuria kubwa, mawese usiyahurumie. Kabla ya sahani ya kwanza mwambie yote: turubai, viazi, hotuba. Akicheka, cheka naye. Akikasirika, nyamaza, hapo huna cheo. Vijana wa parokia waachie somo lile lile, badilisha tu jina la aliyelifanya.

Kisha pakua kwa mkono wako mwenyewe. Rébecca, Phinées na sahani yake ijae, watu wote wa nyumbani, halafu wewe. Kikibaki kiazi, kula. Kisipobaki, kunywa maji ufurahi, umeanza kazi.

Na chumvi, Papa, aonje Phinées.