Meneja kwenye foleni ya fidia

Mwenzangu, nimetoka ofisi ya bima ya amana sasa hivi.

Fidia ya marehemu mama hakuna. Karani kaniambia, "Pole dada. Benki ikifilisika tunalipa akiba. Mama yako alihamishia zake kwenye hisa za benki, na hisa hazina kinga. Labda kama alidanganywa kwamba zinayo."

Alidanganywa. Na aliyemdanganya alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, meneja wa benki mwenyewe, kaja kudai akiba yake. Yeye zake hakuzihamisha. Hakuzihamisha, unaelewa?

Nikageuka. "Meneja, hebu mwambie karani huyu ulichomwambia mama."

"Mama yupi? Mimi simjui."

Eti hamjui mama. Wewe mwenzangu ulikuwepo msibani kwake, benki ikiwa bado imesimama. Ulimsikia alivyoshika kipaza sauti akatutangazia biashara mbele ya jeneza: "Marehemu alikuwa na akili, alinisikiliza akanunua hisa, zina kinga ileile ya akiba."

Karani akauliza, "Kuna mwingine aliyesikia?"

Nikamjibu huku namtazama meneja. "Msiba mzima."

Mashahidi nimeanza na wewe. Kesho karani anatuita pamoja na meneja; vaa lile gauni la msibani. Nataka akukumbuke.